Mfuate Samaki: Mwongozo Kamili wa Mialo na Vibanda vya Chakula vya Rasi ya Entebbe

Abiria wengi wanaotua Entebbe hupita tu. Wakitoka uwanjani wanakimbilia Kampala, kilomita arobaini hivi kaskazini. Wanaobaki siku moja hupelekwa kuona simba kwenye kituo cha wanyamapori, wakala chipsi kwenye ufuo wa kiingilio, basi. Ukiwauliza baadaye walikula nini Uganda, watakwambia rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai. Rolex ni tamu na sina ugomvi nayo, lakini mtu aliyelala kwenye rasi iliyozungukwa na maji pande tatu, akaondoka bila kuketi mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotua, na sato mbele yake, amekosa kitu kikubwa.

Uganda haina bahari. Pwani yetu ni ya Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, na kipande chake ninachokipenda kuliko vyote ni rasi hii: Nakiwogo upande wa magharibi, Kigungu kwenye ncha, Kasenyi upande wa mashariki, na ng'ambo ya ghuba kinamasi cha Mabamba. Ni eneo dogo, boda boda inalimaliza kabla ya chai kupoa. Mwongozo huu ni wa Mswahili anayekuja kutoka Nairobi, Mwanza, Bukavu au Kampala hapo hapo, mwenye siku mbili tatu, pesa za kawaida, na tumbo lisilo na woga.

Kanuni ni moja na hatua zote zinatoka humo: mfuate samaki. Nenda anakotua, saa anayotua. Mengine yote, wapishi, chai, hadithi na mandhari, utayakuta yamemzunguka.

Hatua ya 1: Panga saa kabla ya kupanga siku

Mwalo una ratiba yake na haumsubiri mgeni. Wavuvi wa sato na sangara hutega nyavu jioni na kuzitegua alfajiri, na boti huanza kuingia kunapopambazuka. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi ndipo kuna shughuli: mizani, makelele, wachuuzi wa baiskeli na pikipiki wenye masanduku ya barafu. Ukifika saa saba mchana utakuta nyavu zinashonwa, watu wamejilaza kivulini, na samaki waliobaki ni wale waliokataliwa na kila mtu tangu asubuhi.

Dagaa, hapa wanaitwa mukene, wana hesabu tofauti. Huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta pale tu usiku unapokuwa mweusi. Mwezi ukiwa mpevu mavuno hupungua na wavuvi wengi wa mukene hupumzika. Kwa hiyo kama unataka kuona vichanja vimejaa fedha inayometa juani, tazama mwezi kabla ya kukata tiketi.

Mvua kubwa huja Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Zisikuzuie, ila safari za maji uzifanye asubuhi maana upepo huchafua ziwa baadaye. Isitoshe, misimu hiyo ina zawadi yake: senene hushuka karibu na Mei na tena mwezi Novemba, na akina mama huwauza wakiwa wamekaangwa kwa chumvi na kitunguu. Usiondoke bila kuwaonja, hata wachache.

Epuka Jumamosi na Jumapili mchana kama unapenda kusikia unachoambiwa. Siku hizo Kampala nzima huteremka na maspika yake.

Hatua ya 2: Kufika, na pesa za kuja nazo

Kutoka Kampala panda taksi kwenye vituo vya katikati ya mji. Uganda taksi maana yake ni matatu ya watu kumi na wanne, nyeupe yenye mstari wa buluu, na gari la kukodi peke yako huitwa special. Taksi hupita barabara ya zamani, Kajjansi, Kisubi, Abayita Ababiri. Ipo barabara mpya ya haraka iliyofunguliwa 2018, na tangu Januari 2022 magari huilipia. Kama unawahi ndege ni msaada mkubwa. Kama huwahi kitu, pita ya zamani, maana kando yake ndiko kuna gonja, ndizi tamu za kuchoma, mananasi na mafenesi yaliyokatwa tayari.

Mwambie kondakta akushushe Kitooro, mtaa wa Entebbe tutakaoweka kambi. Mialoni hakuna mashine ya kadi, kwa hiyo njoo na noti ndogo ndogo za shilingi ya Uganda: elfu moja moja, elfu mbili, elfu tano. Pesa za simu za MTN na Airtel zinapokelewa karibu kila mahali, hata na muuza ndizi, lakini muuza samaki wa saa kumi na mbili asubuhi anataka fedha mkononi kwa sababu naye anamlipa mvuvi papo hapo.

Hatua ya 3: Weka kambi Kitooro

Hoteli za ufukweni ni nzuri kwa mapumziko. Kwa kazi tuliyoijia, lala Kitooro au karibu yake. Ndiyo sehemu ya Entebbe isiyolala mapema: soko, mafundi, vinyozi, vibanda vya chapati, na boda za kukupeleka mwalo wowote kabla jua halijachomoza. Nyumba za wageni zipo nyingi za bei ya wastani. Omba chumba cha nyuma, mbali na barabara na baa.

Asubuhi ya kwanza kula katogo. Ni matoke yaliyomenywa na kupikwa sufuria moja na utumbo, au maharagwe, au karanga, mpaka mchuzi umeingia ndani ya ndizi. Huliwa mapema, na saa nne ukiuliza utaambiwa imekwisha. Akina mama wanaopika vizuri utawatambua kwa boda boda: penye pikipiki nyingi zimeegeshwa na madereva wameinamia sahani, ingia.

Jioni Kitooro hubadilika. Majiko ya mkaa hutolewa nje na kila mmoja ana kitu chake: kuku wa mshikaki, muchomo wa mbuzi, mihogo ya kukaanga, chapati inayokunjwa na mayai mbele ya macho yako. Ndugu zangu Waislamu, ulizeni. Nyama ya nguruwe inapendwa sana Uganda na jiko lake linaweza kuwa hatua chache tu kutoka kwa jiko la mbuzi. Hoteli nyingi za Waislamu huandika halali mlangoni, na humo utapata pilau na chai ya maziwa yenye tangawizi.

Kiswahili chako kitakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Wachuuzi wa samaki wamezoea wateja Wakenya na Wakongomani, na kwa askari ndiyo lugha ya kazi. Hata hivyo anza kwa Kiganda, kwa heshima: mwanamume ni ssebo, mwanamke ni nnyabo, shukrani ni webale. Salamu kwanza, bei baadaye. Mtu akianza na bei hujibiwa bei ya mgeni.

Hatua ya 4: Nakiwogo alfajiri

Kutoka Kitooro ni mwendo mfupi wa boda. Nakiwogo ni mwalo, soko na bandari ndogo kwa pamoja. Hapa ndipo meli ya MV Kalangala hupakia kwenda visiwa vya Ssese, na hapo hapo mitumbwi mikubwa ya mbao huvusha watu, pikipiki, mashina ya matoke na magunia ya mkaa kati ya rasi na Buwaya, ng'ambo ya ghuba.

Simama pembeni kwanza bila simu mkononi. Tazama samaki wanavyogawanywa, maana hapo utaelewa kwa nini sahani yako itakuwa na sato na si sangara. Sangara mkubwa mzima, mputa kwa Kiganda, mara nyingi ana mnunuzi kabla hajatua: kiwanda cha minofu ya kusafirishwa nje, na bondo lake, kile kifuko cha hewa tumboni, huenda Asia kwa bei inayozidi ya nyama yenyewe. Kinachobaki kwa wenyeji ni sangara wadogo kiasi, vichwa, na mifupa iliyochunwa ambayo Wakenya huiita mgongo wazi. Usiidharau mifupa hiyo. Ikikaangwa ikakauka, ina nyama tamu kati ya mbavu kuliko minofu mingi niliyowahi kula.

Sheria inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50, na mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kusimamia uvuvi ziwani. Ukiuziwa vitoto vya sangara kwa bei ya kutupa, kataa. Ni kuvuna mbegu ya kesho, na pia unaweza kukamatwa navyo kwenye kizuizi cha barabarani.

Kunywa chai hapo mwaloni. Vibanda vya turubai huuza chai, mandazi na chapati kwa wapakizi, na ukiketi kwenye benchi lao nusu saa utapata habari zote za siku: nani amepata, upepo ukoje, boti gani inaondoka. Hapo ndipo pa kuuliza pia habari za hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Vuka kwenda Mabamba

Watalii wengi huenda Mabamba kwa gari, kupitia Kasanje, na hulipa ipasavyo. Wenyeji huvuka Nakiwogo hadi Buwaya kwa mtumbwi wa abiria, kisha huchukua boda hadi kinamasi. Njia hii ya pili ni nafuu na ina raha yake. Patana na boda akusubiri na kukurudisha, kwa kuwa ukitoka Mabamba hutakuta foleni ya pikipiki.

Mabamba ni kinamasi cha mafunjo na mayungiyungi kilichowekwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2006. Kilicholeta jina ni korongo-nyangumi, Waganda humwita bulwe: ndege wa kijivu, kimo zaidi ya mita moja, mdomo mpana na mzito. Husimama kimya majini akimvizia kamongo. Zamani wavuvi waliamini kwamba ukikutana naye asubuhi hutapata samaki siku hiyo, na wengine waliwaua kwa sababu hiyo. Leo baadhi ya watu wa kijiji hicho hicho ndio waongozaji, na ndege aliyekuwa nuksi analipa ada za shule. Hilo peke yake lanitosha kumshawishi mtu aende.

Fika mapema, kabla ya saa mbili kama inawezekana. Bei kwa kawaida ni ya mtumbwi mzima pamoja na mwongozaji, si ya kichwa, kwa hiyo wawili watatu mkiungana mnapunguza. Lipieni kwenye ofisi ya chama cha waongozaji, si kwa kijana aliyewapokea njiani. Mtumbwi huingia kwenye vichochoro vyembamba, mwongozaji akisukuma kwa upondo pale kasia linaposhindwa. Kaeni chini, msivae nguo za rangi kali, msiongee kwa sauti. Hata bulwe asipoonekana utakuwa umemwona mdiria, na ndege wa vidole virefu akitembea juu ya majani ya yungiyungi.

Chakula hapa ni kidogo. Beba chapati na ndizi kutoka Nakiwogo.

Hatua ya 6: Jinsi ya kuagiza samaki

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wageni wengi hupoteza pesa na ladha.

Wajue kwanza wanne. Sato, hapa ngege, ndiye mfalme wa sahani. Sangara ni mputa. Kamongo ni mamba, kwa hiyo ukimwona kwenye ubao wa bei usiogope, si yule wa meno. Nyama yake ni nene, ina mafuta, na akifukizwa moshi ana ladha nzito ambayo wengine huipenda kupindukia. Kwa Waganda ni mwiko wa ukoo wa Mamba, na zamani wanawake hawakumla kabisa, basi ukialikwa nyumbani kwa mtu usimpeleke kama zawadi bila kuuliza. Wa nne ni nkejje, furu wadogo waliokaushwa. Mamia ya aina za furu walitoweka baada ya sangara kuletwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuongezeka sana miaka ya 1980, na ndiyo sababu nkejje si chakula cha bei rahisi kama zamani. Wazee huwapa watoto waliodhoofu. Ukimkuta amepikwa kwenye mchuzi wa karanga, juu ya matoke yaliyopondwa, agiza bila kuuliza bei.

Sasa sato. Usiagize kwa jina, omba umwone. Jicho liwe limejaa na linang'aa, lisiwe limezama wala kuwa na ukungu. Inua kifuniko cha shavu: ndani kuwe kwekundu, si kahawia. Mbonyeze ubavuni, na shimo la kidole lirudi. Halafu uliza kama ni wa ziwani au wa kufugwa, kwa sababu siku hizi sato wengi hutoka kwenye vizimba na mabwawa. Wa kufugwa si mbaya, ila ana mafuta zaidi na bei yake haipaswi kuwa ile ya wa ziwani.

Patana bei kabla hajapaliwa magamba, na patana ya sahani nzima: samaki, chipsi au mihogo, kachumbari, na kazi ya kukaanga. Ukisahau hilo la mwisho utaongezewa bei baadaye. Bei hufuata ukubwa. Samaki wa kutosha watu wawili ni nafuu kuliko wadogo wawili, na ni mtamu zaidi kwa kuwa haikauki nyama ya mgongo.

Mtazame mpishi. Anayejua kazi hupasua ubavu mikato mitatu minne ya mshazari hadi kwenye mfupa, akasugua chumvi na ndimu ndani ya mikato, akamwacha samaki ajikaushe huku mafuta yakichemka. Samaki akiingia na maji, mafuta hupiga kelele na ngozi haishiki. Akiingia mkavu, huzama kimya kidogo kisha sauti hupanda, na dakika chache baadaye mapezi huanza kusimama. Mwambie amwache mpaka mkia uwe wa kuvunjika. Mafuta nayo yatazame: yakiwa meusi na yana povu, hamia jiko la pili.

Wengine watakupa chaguo la mchuzi. Samaki wa kukaangwa kwanza, kisha akatiwa kwenye nyanya na kitunguu kwa muda mfupi, ndiye bora kwa mtu anayekula na posho, yaani ugali. Kama umekuja na njaa kali agiza kwanza kisha ukatembee. Hapa samaki mzima si chakula cha haraka, na anayekuletea baada ya dakika kumi alikuwa amemkaanga tangu jana.

Nawa mikono, weka uma pembeni. Anza nyuma ya kichwa.

Hatua ya 7: Kigungu jioni

Kigungu iko kwenye ncha ya rasi, unapita uwanja wa ndege ukiuacha upande mmoja. Ni kijiji cha wavuvi chenye historia kubwa kuliko ukubwa wake. Tarehe 17 Februari 1879, padri Simeon Lourdel, ambaye Waganda humwita Mapeera, na Bruda Amans waliteremka hapa kutoka mtumbwini wakielekea kwa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa wa Kwanza. Ndio mwanzo wa Ukatoliki Uganda, na lipo kanisa na mnara wa kumbukumbu kando ya maji. Mwezi wa Februari mahujaji hujaa. Siku nyingine unaweza kukaa hapo peke yako na upepo.

Njoo saa kumi jioni. Boti za usiku zinaandaliwa: injini zinabebwa begani, taa zinajaribiwa, nyavu zinakunjwa kwa mpangilio ule ule kila siku ili zisijifunge majini. Wavuvi huwa na dakika za kuzungumza saa hii kuliko asubuhi. Kuna vibanda vya samaki vya familia, meza mbili tatu chini ya mwembe, na bei zake ni za wenyeji ukilinganisha na fukwe za mjini.

Hapa pia ndipo pa kununua mukene, kama mwezi umeruhusu. Tazama wamekaushwa wapi. Waliotandazwa kwenye mchanga hubeba mchanga ule mpaka mdomoni, na wengi wao huishia kwenye chakula cha kuku. Waliokaushwa juu ya kichanja cha wavu, wakavunjika ukiwakunja, ndio wa jikoni.

Angalizo: sehemu ya uwanja wa zamani, ule ambako makomando wa Israeli waliokoa mateka Julai 1976, iko mikononi mwa jeshi na Umoja wa Mataifa. Usiipige picha, wala askari, wala boti zao. Kwa wavuvi, omba ruhusa kwanza. Wengi watakubali, na wengine wana sababu zao za kukataa.

Hatua ya 8: Kasenyi, kwa wenye kifua

Kasenyi si mahali pa kupumzika. Unakata kulia au kushoto kutegemea unatoka upande gani, pale Abayita Ababiri, na boda inakushusha kwenye mwalo wenye fujo nzuri kuliko yote ya upande huu. Boti ndefu za injini hupakia watu wa visiwani pamoja na magodoro, kreti za soda, mabati na kuku. Boti hazifiki nchi kavu, kwa hiyo vijana hubeba abiria mabegani hadi ndani. Mabibi waliovaa magauni ya gomesi, wazee wenye mikoba, wote hubebwa. Ukitaka kujaribu, patana bei kabla ya kuinuliwa.

Kula hapa mchana: samaki wa kufukizwa kwenye mchuzi wa karanga, na posho. Nyuma ya mwalo kuna majiko ya kufukizia, moshi mzito, na ndiko bei ya samaki wa kubeba nyumbani ilivyo nzuri.

Boti za visiwani siwapendekezei kwa matembezi ya nusu siku. Hazina uhakika wa kurudi siku hiyo hiyo, na nyingi hubeba kupita kiasi.

Hatua ya 9: Maji, mbu na roho yako

Jaketi la kuokolea ni la kuvaliwa, si la kukaliwa. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama upande wa Mukono na zaidi ya watu thelathini walikufa, wengi bila jaketi. Hata kwa kuvuka Nakiwogo hadi Buwaya, vaa na ufunge kamba. Mtumbwi ukiwa umejaa hadi maji yanalamba ubao wa juu, subiri mwingine.

Kichocho kipo ziwani. Hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji matulivu yenye majani, kwa hiyo usioge wala kutembea peku pembeni mwa mafunjo na mialo. Kama umeingia majini, nenda kapime baada ya wiki kadhaa na umweleze daktari ulikuwa wapi. Dawa ya prazikwanteli hutibu. Malaria nayo ni ya kweli: chandarua, mikono mirefu jioni. Ukiona wingu jeusi linaelea juu ya ziwa usikimbie, ni vijidudu vya ziwani. Haviumi, ila funga mdomo na funika chai.

Ukiwa na siku ya ziada

Nenda Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese. Ratiba iliyozoeleka ya MV Kalangala ni kuondoka Nakiwogo saa nane mchana na kufika Lutoboka, kisiwa cha Bugala, baada ya saa tatu na nusu hivi. Kurudi ni asubuhi ya pili, saa mbili. Kwa hiyo lazima ulale. Nenda bandarini asubuhi kuhakikisha, kwa kuwa meli hutolewa kwa matengenezo mara kwa mara, na ukate tiketi mapema. Daraja la pili linatosha kabisa. Kaa nje, upande usio na jua.

Kama mwili umechoka na maji, pita bustani ya mimea iliyoanzishwa 1898, katikati ya Entebbe. Mbega hurukaruka juu, tumbili hushuka kuiba chakula, na nyasi zinateremka mpaka ziwani. Beba gonja za kuchoma na karanga, ukae chini ya mti mkubwa unaoutaka.

Kubeba nyumbani

Samaki mbichi havumilii basi la usiku la Nairobi wala Kigali. Chukua wa kufukizwa, na hakikisha moshi umeingia hadi mfupa: mvunje mmoja karibu na uti wa mgongo, na pakiwa na unyevu mwambie muuzaji akurudishie jikoni saa moja zaidi. Mfunge kwenye karatasi kwanza, kisha boksi lenye matundu. Mfuko wa nailoni humtoa jasho na kufika mpakani ananuka. Mukene wa kichanja hukaa miezi ukiwaweka kwenye chombo kikavu. Ukifika, wakaange bila mafuta dakika mbili tatu kabla ya kuwatia kwenye nyanya.